Kipindi cha Muziki kwa Kidato cha Kwanza: Tuanzie Wapi?

Kila Januari shule zetu za sekondari hupokea watoto wa miaka 13 na 14 waliokulia ndani ya sauti. Mmoja ametoka kwenye kwaya ya usharika na anajua sauti ya pili inaingia wapi bila kuoneshwa. Mwingine ameimba kaswida tangu ana miaka sita, ana pumzi ndefu na sikio kali. Wa tatu hajapita kwaya wala kaswida, lakini singeli ikifunguliwa mtaani mabega yake yanajua kila pigo. Kisha wanaingia kipindi cha kwanza cha muziki na kukuta mistari mitano imechorwa ubaoni, na chini yake maelezo ya kunakili: nota nzima mapigo manne, nusu nota mapigo mawili, robo nota pigo moja. Wananakili. Kengele inalia, na darasa zima linatoka bila kuimba hata neno moja.

Naelewa kwa nini inakuwa hivyo. Darasa lina watoto 60 au zaidi, ala hakuna, jirani ni kipindi cha hisabati, na mtihani wa kidato cha nne utauliza maandishi. Hata hivyo, miaka miwili ya mwanzo tukiitumia kwa kunakili, hadi kidato cha tatu wanaobaki kwenye somo ni wachache, na wengi wao ni wale waliofundishwa kanisani au nyumbani. Shule haikuwaongezea kitu.

Ushauri wangu kwa mwalimu wa kidato cha kwanza na cha pili ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatokana na huo: mwanafunzi asiandikiwe jambo ambalo mwili na sikio lake havijalifanya bado. Aimbe, apige, akosee, arudie. Akishalishika, ndipo mwalimu amwoneshe linavyoandikwa. Zoltán Kodály wa Hungaria alijenga mfumo mzima wa kufundisha watoto juu ya mpangilio huo, akianza na kuimba nyimbo za watu wake mwenyewe. Mababu zetu waliofundisha ngoma hawakuwa na ubao kabisa, na wanafunzi wao walihitimu.

Tuanze na mahali. Kipindi cha kwanza kifanyikie nje, chini ya mti kama upo, wanafunzi wakiwa wamesimama duara. Wakiwa 60, fanya maduara mawili, dogo ndani ya kubwa. Kwenye duara hakuna anayejificha nyuma, mwalimu anaona midomo na mikono yote, na anayepotea anajirekebisha kwa kumtazama mwenzake wa upande wa pili. Kuhusu kelele, zungumza mapema na mwalimu wa taaluma anayepanga ratiba. Kipindi cha mwisho kabla ya chakula, au cha mwisho cha siku, kikifanyika nyuma ya bwalo, hakimsumbui mtu. Ombi hilo ni dogo, na mara nyingi linakubaliwa likiletwa Desemba badala ya Februari.

Sasa mdundo, na hapa naomba tukae kidogo.

Waambie watembee papo kwa papo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa mwendo wa kawaida, bila kuimba chochote, kwa dakika mbili. Kundi kubwa likitembea pamoja huongeza kasi bila kujijua. Mwalimu mwenye programu ya metronomu kwenye simu apime mapigo mwanzoni na apime tena mwishoni, kisha awasomee namba zote mbili. Watashangaa, na wataomba kurudia. Kushika mwendo bila kukimbia wala kulegea ni jambo la kwanza ambalo mpiga ngoma, mpiga gitaa na mwanakwaya wote wanalihitaji, na linafundishika kwa miguu tu.

Wakishatulia, wape maneno mawili: leta maji. Wayatamke hivi: “le” ivutwe, “ta” fupi, “ma” fupi, “ji” ivutwe. Leee-ta-ma-jiii, leee-ta-ma-jiii, bila kupumzika katikati, mpaka maneno yazunguke yenyewe. Kisha mguu ukanyage kwenye “le” na “ma” peke yake. Usiharakishe hapa, wengine watahitaji kipindi kizima. Mguu ukishazoea, mikono ipige kofi kwenye “le”, “ta” na “ji”. Ukitazama sasa, katika mzunguko mmoja wa maneno hayo mguu umekanyaga mara mbili kwa nafasi sawa, na mikono imepiga mara tatu kwa nafasi sawa. Mbili na tatu zinakwenda pamoja katika mwili wa mtoto mmoja. Huo ndio msingi wa chakacha ya pwani na wa ngoma nyingi sana za bara, na ndio unaowashinda wanamuziki wazuri wa nchi nyingine wanapokuja kujifunza kwetu wakiwa watu wazima.

Kipindi kinachofuata gawa duara: nusu wabaki na mguu, nusu wabaki na makofi, maneno yasemwe moyoni tu. Wabadilishane. Halafu mmoja aingie katikati ya duara na kayamba, atie mapigo ya kwake juu ya yale mengine. Wiki ya tatu, si kabla, chora nukta sita ubaoni kwa mstari mmoja. Uliza nani anaweza kuzungushia duara nukta ambazo mguu unakanyaga. Atakuja mtu na kuzungushia ya kwanza na ya nne. Uliza makofi yako wapi. Wataona ya kwanza, ya tatu na ya tano. Baada ya hapo ukiwaandikia mizani ya sita kwa nane, na pembeni yake ya tatu kwa nne, hutahitaji kueleza kwa nini mizani hizo mbili zina nota sita fupi kila moja na bado hazifanani. Wameshazikanyaga na kuzipiga.

Jambo la pili linalohitaji uangalifu, na ninaloliona likiumiza watoto kuliko lolote, ni sauti za wavulana. Kwa wengi wao sauti hubadilika kati ya miaka 12 na 15, yaani palepale wanapokuwa kidato cha kwanza na cha pili. Zoloto linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti ya kuongea inashuka karibu oktava nzima. Mabadiliko hayo hayaji siku moja. Kwa miezi kadhaa kijana ana nota chache tu anazozimudu, nyingine zinakatika katikati ya neno, na leo anafikia nota ambayo kesho haipo. Yule aliyekuwa akiongoza kwaya ya shule ya msingi kwa sauti ya juu anajikuta anakoroma mbele ya wasichana wa darasa lake. Akichekwa mara moja, anaacha kuimba. Wengi huacha moja kwa moja, na wanafika utu uzima wakiamini kwamba hawana sauti.

Kwa hiyo mwalimu atangulie. Katika wiki za mwanzo, kabla tatizo halijajitokeza, awaeleze darasa zima kinachotokea kooni, kwa maneno ya kibaiolojia na bila kumtaja mtu. Aeleze pia kwamba sauti za wasichana nazo hushuka kidogo, nota mbili au tatu hivi, na kwa muda hutoka na pumzi nyingi. Aweke sharti: katika kipindi hiki hakuna kumcheka anayeimba. Sharti hilo lisimamiwe kwa ukali uleule unaotumika dhidi ya wizi.

Kisha amsikilize kila mmoja. Njia rahisi ni kumwambia mwanafunzi ahesabu moja hadi kumi kwa sauti yake ya kuongea, kisha aivute “i” ya mwisho ya “kumi” kama anaimba. Nota hiyo anayotua ndiyo jirani ya chini ya eneo lake la starehe. Kutoka hapo apande nota tatu na kushuka. Iandike kwenye daftari. Rudia kila muhula, kwa sababu mwaka mmoja katika umri huu unabadilisha kila kitu, na mtoto aliyewekwa “alto” mwezi wa pili anaweza kuwa na besi mwezi wa tisa. Majina ya soprano, alto, tena na besi yangoje kidato cha tatu. Huku chini tuseme tu kundi la juu, la kati na la chini, na mtu ahame kundi bila sherehe.

Nyimbo zichaguliwe ziwaenee. Wimbo wenye nota tano au sita tangu chini hadi juu unatosha kabisa. Ukiwa wa kupokezana, mwanzilishi na kiitikio, ni bora zaidi, kwa sababu kiitikio kifupi kinaweza kuimbwa na kila mtu pale alipo. Wavulana ambao sauti zao ziko njiani watungiwe kipande kifupi cha chini cha nota mbili au tatu kinachojirudia, kama vile besi la gitaa linavyofanya kwenye dansi. Kitawapa kazi ya heshima: bila wao wimbo unakuwa mwembamba. Usiwaambie wapige makofi tu. Nimesikia walimu wakisema “wewe huna sauti, piga makofi”, na kauli hiyo hukaa kwa mtu miaka 40.

Na yule asiyeshika tuni kabisa? Karibu kila mara tatizo lake ni kwamba hajawahi kusikia sauti yake ikikaa pamoja na nyingine. Mwalimu asimvute kwenye nota ya darasa. Amwambie avume nota yoyote anayoipenda, kisha mwalimu aende kwake na kuvuma nota hiyohiyo karibu na sikio lake. Sauti mbili zikilingana kuna mtetemo ambao hata mtoto asiyejua muziki anausikia, na uso wake utakuonesha kwamba ameusikia. Kutoka hapo sogea nota moja juu, naye afuate. Dakika tatu za namna hii, mara moja kwa wiki baada ya kipindi, zinafanya kazi kubwa ndani ya muhula mmoja.

Maandishi yaanze na solfa. Mfumo huu wa do, re, mi uliotengenezwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover wa Norwich, kisha ukaenezwa na John Curwen, uliletwa Afrika na wamisionari na ukashika mizizi kuliko kwao. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, na wanafunzi wetu wanapaswa kulijua hilo. Usianze na ngazi nzima ya nota nane. Anza na nota mbili, so na mi, kwa sababu ndizo zinazosikika kwenye miito mingi ya watoto wanapochezeana na kutaniana. Ongeza la, kisha do na re. Kwa nota hizo tano unaweza kufundisha nusu mwaka bila kuishiwa nyimbo. Tumia ishara za mkono za Curwen ili hata kundi lililo kimya liimbe moyoni huku likitazama mkono wako: pandisha mkono hadi la, shusha, nyamaza, kisha waulize wako nota gani. Darasa la watoto 60 linalofikiri nota kwa ukimya ni jambo zuri mno kuliona. Mistari mitano ije kidato cha pili, na ije na wimbo ambao wameshauimba hadi wameuchoka. Hapo kazi yao inakuwa kutambua kile wanachokijua.

Kazi ya nyumbani ya muhula wa kwanza iwe moja tu: kila mwanafunzi ajifunze wimbo mmoja kutoka kwa mtu mzima wa ukoo wake, wimbo ambao haujawahi kupigwa redioni. Wa kubembeleza mtoto, wa kutwanga, wa kulima, wa kuvua, wowote. Aje nao kichwani, si kwenye karatasi. Wakiuliza kuna thamani gani katika wimbo wa bibi, waambie kuhusu jirani zetu: Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa mwaka 1963, kamati ya wanamuziki, akiwemo George Senoga-Zake, ilichukua tuni ya wimbo ambao mama wa Kipokomo wa Mto Tana humbembelezea mwanawe. Nyimbo zitakazoletwa ndizo kitabu chenu cha mwaka. Zitakuwa za lugha mbalimbali, na mwenye wimbo ndiye atakayewafundisha wenzake matamshi. Mtoto wa Kihehe aliyekuwa kimya tangu Januari ataongea siku hiyo.

Ala. Mkuu wa shule akikuuliza ununuliwe nini, usiombe tarumbeta. Omba ngoma tatu za ukubwa tofauti kutoka kwa fundi wa eneo lenu, makayamba manne, kinanda kimoja kinachoweza kutumia betri, na spika ndogo. Kayamba hata wanafunzi wenyewe wanaweza kulitengeneza kwa matete na mbegu ngumu, na somo la kulitengeneza lina thamani kuliko la kulinunua. Chupa za soda nane za kioo ni ala nyingine isiyo na gharama: zijaze maji kwa viwango tofauti, ziguse kwa kijiti. Yenye maji mengi inalia chini. Kisha wapulize mdomoni mwa chupa hizohizo, na yenye maji mengi italia juu. Waache wabishane kwa nini. Ukigonga, kinachotetema ni kioo na maji, na maji yakiongezeka yanakipa uzito. Ukipuliza, kinachotetema ni hewa iliyobaki, na ikiwa fupi inatetema haraka. Mwalimu wa fizikia atafurahi kualikwa siku hiyo.

Ngoma zitunzwe. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea na ngoma inakufa sauti, kwa hiyo zitolewe juani nusu saa kabla ya kipindi, au msimu wa mvua ziombewe nafasi karibu na moto wa jikoni, kwa umbali, huku mtu akizigeuza. Zikiisha kutumika zitundikwe, zisiwekwe sakafuni kwenye stoo, maana panya wanapenda ngozi iliyowambwa.

Ngoma wapewe wasichana pia, na wapewe bila maelezo. Watakuja wavulana, hata mzazi, kusema kwamba mwanamke hapigi ngoma. Jibu liko wazi. Muheme ya Wagogo inapigwa na wanawake, ngoma ikibanwa kati ya mapaja. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa msondo aliokuwa akiupiga unyagoni sawasawa na alivyojulikana kwa taarabu.

Kinanda nacho kina mpaka wake. Kimelinganishwa kwa mfumo mmoja, na ala zetu nyingi hazifuati mfumo huo. Ilimba na zeze alizopiga Hukwe Zawose zinafuata mpangilio wa sauti asilia ambao Wagogo wamezoea kuuimba, na ukizifuatisha na kinanda utasikia nota zinazokaa katikati ya vitufe. Ziko sawa. Mwalimu anayezisahihisha kwa kinanda anaharibu sikio la mtoto na kumfundisha kudharau kwao. Waache wasikie mifumo yote miwili, waseme tofauti kwa maneno yao wenyewe.

Kusikiliza kuwe kufupi na kuwe na swali moja. Dakika tatu, spika mezani, macho yafungwe. Ukiwawekea Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, uliza kuna magitaa mangapi na lipi linaongea na mwimbaji. Ukiwawekea taarabu ya Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, uliza ala gani inarudia maneno ya mwimbaji pindi anapomaliza. Ukiwawekea singeli, wahesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Wakipata zaidi ya 200 watakuwa wamejifunza maana ya kasi kuliko kwa orodha yoyote ya maneno ya Kiitaliano. Bongo fleva pia iingie darasani. Mwanafunzi aliyetafuta kwa sikio nota tano za kiitikio cha wimbo anaoupenda, akaziandika kwa solfa, amefanya kazi ya kweli ya mwanamuziki. Maneno ya wimbo uyapitie wewe kwanza nyumbani.

Mara moja kila muhula mwalike fundi wa ngoma wa eneo lenu, mzee au mama. Nenda kwake mwenyewe, umweleze umri wa watoto, umuulize ni ngoma ipi inafaa kwao. Swali hili la mwisho lisiachwe, kwa sababu ziko nyimbo za jando na unyago ambazo si za hadharani, na ni mwenye ngoma anayejua mpaka uko wapi. Nauli yake na posho viwe tayari kwenye bahasha kabla hajafika. Akifundisha, usimkatize kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, na usimwombe apige polepole. Ngoma nyingi zikipunguzwa mwendo zinapoteza umbo lake. Wanafunzi waanze na kipande cha kusindikiza, kofi au kayamba, na ngoma inayoongoza iguswe mwisho kabisa. Yeye ndivyo alivyojifunza. Shule iliyo karibu na Bagamoyo ina TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, na iliyo Unguja ina chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Waalimu na wanafunzi wa vyuo hivyo wanajua ngoma na ala ambazo sisi wengine tunazisoma tu. Waandikieni.

Kuna familia ambazo kwa imani yao haziruhusu muziki, au zinaruhusu sauti na dufu lakini haziruhusu ala nyingine. Mzazi akija na jambo hilo, msikilize akiwa ameketi, wala usimjibu kwa silabasi. Mtoto wake anaweza kufanya mdundo, kaswida, dufu na maandishi, na akapata alama zake zote. Pia usimwambie mwanafunzi kwamba usomaji wake wa Kurani ni muziki. Kwake si muziki, na kwa waalimu wake wa madrasa neno hilo ni zito. Pumzi na sikio alivyovipata kule vitaonekana vyenyewe katika kazi yake.

Alama ndizo zinazowatisha walimu: nitawapimaje watoto 60 mmoja mmoja? Usiwapime siku moja. Gawa darasa katika vikundi vya watu sita, kila kipindi vikundi viwili vitoe kazi ya dakika mbili, na wewe uwe na daftari lenye safu tatu tu: ameshika mwendo, ameingia mahali pake, amewasikiliza wenzake. Ubora wa koo la mtu usipewe alama katika madarasa haya mawili. Kwa watoto 60, ndani ya vipindi vitano umewasikia wote, na bado sehemu kubwa ya kila kipindi ilikuwa ya kufundisha. Maswali ya kuandika yatahitajika kwa ajili ya mitihani ya muhula. Yatungwe kutokana na yale waliyoimba. Badala ya kuuliza robo nota ni nini, waandikie mdundo wa wimbo wa mwenzao wa Kihehe na waulize ni wimbo gani.

Mwisho wa mwaka darasa lote lipande jukwaani. Najua shinikizo la mashindano. UMISSETA ina kwaya na ngoma, Kenya wana tamasha lao la muziki la shule tangu mwaka 1927, na kila mkuu wa shule anataka kombe. Timu ya mashindano ichaguliwe kutoka vidato vya juu na ifanye mazoezi baada ya masomo, na wadogo wenye hamu wakaribishwe. Lakini kidato cha kwanza wasichujwe. Siku ya wazazi wapewe dakika 15: nyimbo tatu kati ya zile walizoleta kutoka nyumbani, “leta maji” ya watu 60 wakiwa na ngoma tatu, basi. Barua za wazazi zitoke wiki mbili kabla, zitaje saa kamili ya darasa hilo kupanda, na wale wazee waliowafundisha watoto nyimbo hizo waandikiwe barua zao wenyewe, kwa majina yao, na waombwe wakae mstari wa mbele.